Madesa, Mkesha na Sapu: Tunavyojidanganya Tukijiandaa na Mitihani ya Udaktari

Wiki mbili kabla ya mitihani, wanafunzi hupungua wodini na maktaba hujaa. Nimekuwa nikiwasaidia wadogo zangu wa MD, shahada ya udaktari, kujiandaa, na kila mara nasikia maneno yaleyale niliyoyaamini mimi nilipokuwa nimekaa walipokaa wao. Wengi wanaopata sapu, yaani mtihani wa marudio baada ya kufeli, si wavivu hata kidogo. Wanapiga msuli mpaka macho yanawauma, na ndiyo maana naumia nikiwaona wanaanguka.

"Nimelipitia desa mara tano, limeingia."

Hii ndiyo inayoangusha wengi. Desa ni yale maandishi ya muhtasari na maswali tunayorithishana. Macho yakishauzoea ukurasa, akili hujiaminisha kwamba inaujua. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya habari. Kundi moja lilisoma mara nne. Jingine lilisoma mara moja tu, kisha mara tatu likaandika kila lilichokikumbuka bila kuangalia. Wiki moja baadaye, waliosoma mara nne walikumbuka kama asilimia 40, wenzao asilimia 61. La kusikitisha ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka.

Jipime kwa kifafa cha mimba. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege lake. Gramu 4 kwenye mshipa, taratibu; gramu 5 kwenye kila tako; jumla gramu 14. Sawa. Sasa dawa uliyoikuta kwenye troli ni ya asilimia 50, yaani gramu 1 kwa kila mililita 2. Kwa zile gramu 4 za mshipani unavuta mililita ngapi? Unavuta 8, unaongeza 12 za maji ya sindano, unapata 20 za asilimia 20. Na kabla ya dozi ya saa nne baadaye, unaangalia nini kwa mama? Hapo ndipo kalamu nyingi husimama, hata za waliolipitia desa mara tano. Kalamu ikisimama usivunjike moyo: umeshajua pa kurudi kusoma.

"Masomo ya klinikali, ya wodini, ni kukariri tu, maelezo ni ya mwaka wa kwanza."

Tubaki kwa huyo mama. Unaangalia mambo matatu: apumue angalau mara 16 kwa dakika, goti liruke likigongwa, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Ukiyakariri kama orodha, moja litakuponyoka mbele ya mtahini. Yafuate kwa sababu zake: magnesiamu hutolewa na figo, kwa hiyo mkojo ukipungua, dawa inarundikana. Ikirundikana inadhoofisha mawasiliano kati ya neva na misuli. Goti hunyamaza kwanza, pumzi hufuata. Ndiyo maana tunagonga goti, na ndiyo maana gramu 1 ya kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizima magnesiamu, inakaa karibu na kitanda. Ukishaielewa njia hii huhitaji tena orodha.

"Madesa ya kaka zetu yanatosha."

Yanasaidia kujua mtihani ulivyo, na sioni ubaya wa kuyapitia maswali ya miaka iliyopita, mradi ujibu kwanza ndipo utazame jibu. Ila desa halijui kwamba tiba imebadilika. Kwa miaka mingi malaria kali kwa watoto wa Afrika ilitibiwa kwa kwinini ya dripu. Mwaka 2010 utafiti wa AQUAMAT, uliofanyika katika nchi 9 za Afrika kwa watoto 5,425, ulionyesha kuwa vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa waliopewa dawa mpya zaidi, atesuneti, na 10.9 kwa waliopewa kwinini.

Mwaka uliofuata ukaja utafiti mwingine, FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi na Muheza zikiwemo. Tulifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu apewe maji mengi kwa haraka. Waliopewa hivyo walikufa zaidi ndani ya saa 48: karibu asilimia 10.6, dhidi ya 7.3 ya wasiopewa. Mtoto aliyekaushwa na kuhara ni habari nyingine, na hakuwa kwenye utafiti huo. Naomba ukikuta desa lisilo na mwaka, lifungue sambamba na mwongozo wa tiba wa sasa wa wizara.

"Nikikesha siku tatu za mwisho nitafidia."

Usingizi ndio unaoweka akilini ulichosoma mchana. Dakika 40 kila siku kwa wiki sita, ukirudia mada ileile baada ya siku chache, zinashinda mkesha wowote.

"Oski nitaisoma kitabuni."

Oski (OSCE) ni mtihani wa vitendo, unaohama kituo hadi kituo. Ulibuniwa na Ronald Harden wa Dundee, Scotland, miaka ya 1970, ili mwanafunzi apimwe kwa anachokifanya. Vidole havijifunzi kwa kusoma.

Nilisimama na mwanafunzi mmoja kitandani kwa mtoto mwenye tumbo kubwa. Nilimuuliza hatua za kupapasa bandama, akazitaja zote bila kukosea. Kisha akaweka mkono moja kwa moja chini ya mbavu za kushoto, akabonyeza, akasema hakuna kitu. Nikamwomba aanze upya kutoka chini kulia, karibu na nyonga, apande kidogokidogo kuelekea mbavu za kushoto kila mtoto anapovuta pumzi. Alipofika kitovuni mkono ukasimama. Ukingo wa bandama ulikuwa pale, mgumu, na mara ya kwanza aliweka mkono juu ya bandama yenyewe. Alirudia mara tatu bila kuambiwa, kisha akaenda kumwita mwenzake aje aipapase.