Mkanda wa jeshi ukikutana kiunoni eti unakufa

Hii stori ya kwamba mkanda wa jeshi, ule ugonjwa wa vipele vinavyouma, ukizunguka kiuno ukakutana ndo basi, hapa Moshi ukienda Mbuyuni sokoni bado utaisikia. Haiko hivyo bana. Ni kirusi kilekile cha tetekuwanga, kilijificha kwenye mishipa ya fahamu, na mara nyingi kinatokea upande mmoja tu. Cha maana ni kuwahi hospitali, ndani ya masaa 72 vipele vikianza, upewe asaikilovia, dawa ya kupambana na hicho kirusi, na kama mgonjwa ni bibi na vidonge vinamshinda ipo ya maji, ila tikisa chupa vizuri maana dawa inatuama chini, upime kwa kikombe chake cha mililita, sio kijiko cha chai, vijiko vyetu havilingani kabisa. Anywe maji ya kutosha, na kama ana shida ya figo daktari aambiwe mapema. Vipele vikikauka asiache, amalize dozi.