Kabla ya kumchukua mtoto

Simu nyingi ninazopigiwa kuhusu watoto zina sentensi ileile: "Afisa, kuna mtoto huku kwetu anateseka, njooni mmchukue." Anayepiga huwa na uchungu wa kweli, nami humshukuru kila mara, maana jirani anayenyamaza ndiye anayeninyima usingizi. Ila hilo neno "mmchukue" nataka tulizungumze leo, kwa sababu baada ya miaka 11 ya kazi hii nimeona linavyoweza kumponya mtoto mmoja na kumvunja mwingine.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja ya mji, Tanzania Bara. Watu wengi wanatujua kwa matunzo: mke akichoka na mume asiyeleta hela ya chakula, husema "nitakupeleka ustawi", na kweli benchi la nje ya ofisi yangu Jumatatu asubuhi hujaa kesi hizo. Upande wa ulinzi wa mtoto hauonekani sana, na ndio unaokula muda wangu mwingi. Watoto wawili nitakaowaeleza hapa nimebadilisha mambo yao, asitambulike mtu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na kwamba katika kila uamuzi unaomhusu, maslahi yake ndiyo yanayotangulia. Sheria hiyohiyo inampa haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Kumtenganisha nao kunahitaji sababu nzito, yaani madhara makubwa, na mahakama inapaswa iridhike nayo. Kwa hiyo ninapoingia nyumbani kwa mtu sijaja na begi la kubebea nguo za mtoto. Nimekuja kujua mambo mawili: mtoto huyu yuko hatarini usiku wa leo? Na kati ya watu wazima wote waliomzunguka, ni nani anayemshika?

Mtoto wa kwanza alikuwa mvulana wa darasa la tatu. Jirani alisema mama yake humwacha na wadogo zake wawili kutwa nzima, siku nyingine bila chakula, na kwamba mama huyo "hana uchungu wa mwana". Nilikwenda na mtendaji wa mtaa. Chumba kimoja, mkeka, chandarua kilichotoboka, na sufuria ya ugali iliyofunikwa kwa sahani na kuwekewa jiwe juu kuku wasiifunue. Mvulana alikuwa amempakata mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu, na kamasi za yule mtoto zilikuwa zimefutwa.

Nina kawaida ya kuomba madaftari. Kadi ya kliniki na madaftari ya shule huniambia mengi kuliko maelezo ya mtu mzima yeyote. Nilifungua la Hisabati. Tarehe zimeandikwa vizuri juu ya kila zoezi, zimepigiwa mstari kwa rula. Nikazilinganisha na kalenda ya simu yangu: Jumatatu ipo, Jumanne haipo, Jumatano na Alhamisi zipo, Ijumaa haipo. Wiki iliyofuata hivyohivyo, na iliyofuata tena. Nikamuuliza, "Jumanne na Ijumaa kuna nini?" Akajibu kwa sauti ndogo, "Gulio."

Mama alirudi jioni na ndoo ya dagaa iliyobaki. Aliponiona nimekaa kwenye kigoda akasimama pale mlangoni. "Umekuja kunichukulia wanangu?" Mtoto mdogo akateleza mapajani mwa kaka yake, akamwendea mama yake kwa mikono miwili. Nililiandika hilo kwenye jalada, na kwangu lilikuwa na uzito kuliko chandarua kilichotoboka. Mara nyingi mtoto hakimbilii mikono ya anayemwogopa.

Mama huyu alikuwa anatoka saa kumi alfajiri siku za gulio kwa sababu mume alikwenda kuvua ziwani na hajaleta hata senti kwa miezi 7. Shangazi wa watoto aliishi mitaa miwili tu kutoka pale, lakini walikuwa hawasalimiani kwa deni la kitenge. Kazi yangu kwenye shauri hili ilikuwa kumaliza ugomvi wa kitenge. Tulikaa vikao viwili, mjumbe wa mtaa akiwepo, na shangazi akakubali kushinda na wadogo Jumanne na Ijumaa. Nilimwandikia baba barua ya wito kupitia mtendaji wa huko aliko, nikazungumza na mwalimu wa darasa, nikaipeleka kaya kwenye orodha ya wanaohitaji kusaidiwa. Baada ya miezi mitano tarehe za daftari zilikuwa zimekamilika. Nikafunga jalada.

Fikiria kama ningemsikiliza yule jirani. Makao ya watoto mengi hupokea kwa umri, kwa hiyo watoto watatu waliozoea kulala mkeka mmoja wangeweza kulala nyumba tofauti. Mama angekuwa amepoteza wanawe kwa kosa la kuuza dagaa. Umaskini unaonekana kirahisi: uko kwenye nguo, kwenye paa, kwenye miguu isiyo na viatu, na ndiyo maana nyumba maskini ndizo zinazoripotiwa. Ukatili mara nyingi haupigi kelele.

Mtoto wa pili hakuna aliyenipigia simu kumhusu, ingawa aliishi kwenye nyumba yenye geti, vigae na kisima. Alikuwa dada wa kazi. Aliyemwona ni kijana muuza genge, ambaye aligundua kwamba binti huyu huja kununua nyanya saa tatu usiku akiwa ameivuta mikono ya sweta mpaka kwenye vidole, joto hata lingekuwa kali vipi. Hakujua amwambie nani. Akamwambia mjumbe, mjumbe akaniambia.

Mwenye nyumba alitukaribisha vizuri mno, akatuletea juisi. "Huyu ni kama mwanangu," alisema, "ana miaka 15, maji ya moto yalimmwagikia." Binti mwenyewe alikuwa na miaka 11. Umri wa chini wa kumwajiri mtoto kwa sheria yetu ni miaka 14, na hata huyo wa 14 hapewi kazi ya kumdhuru. Nikaomba nione mkono. Kovu lilikuwa na pembe kali mbele, likipanuka kuelekea kwenye kiwiko, kingo zake zimenyooka. Maji yakimwagika hutiririka. Hayachori umbo la pasi. Kisha nikaomba kuona anapolala. Ilikuwa stoo, godoro jembamba kati ya magunia ya mchele, na komeo la mlango lilikuwa upande wa nje.

Hapo jibu la swali langu la kwanza lilikuwa limepatikana, na la pili pia: ndani ya geti lile hapakuwa na mtu wa kumshika. Alitoka siku hiyohiyo, tukiwa na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. Tulipata PF3, ile fomu ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa kwa daktari, tukaenda hospitali kwenye kituo cha mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi, mnasihi na afisa ustawi hukutana na mtoto mahali pamoja ili asizungushwe ofisi moja hadi nyingine akirudia hadithi yake. Usiku huo alilala kwa familia ya kuaminika, moja ya kaya tulizozichunguza na kuziandaa kumpokea mtoto kwa muda. Mama wa familia ile alimpa ufunguo wa chumba. Ndivyo alivyoamua mwenyewe, sikumwelekeza, na sitausahau uamuzi ule.

Kuzungumza na mtoto aliyeumizwa ni ufundi ambao chuo hukupa nusu tu. Sikai kwenye kiti akiwa amesimama. Nakaa chini, au namwacha achague. Siulizi "Alikuchoma?", kwa sababu mtoto aliyefundishwa heshima hujibu anachodhani mtu mzima anakitaka. Namuuliza, "Siku yako inaanzaje asubuhi?" na namwacha aende. Binti huyu hakusema neno kwa siku mbili. Siku ya tatu nilimpa karatasi na kalamu za rangi, akachora nyumba: jiko, sebule, geti, mbwa. Stoo hakuichora. Nikamuuliza tu, "Na usiku unakuwa wapi hapa?" Akaweka kidole nje ya mstari wa nyumba, kwenye karatasi tupu, na ndipo akaanza kusema.

Na simwahidi mtoto siri. Mwaka wangu wa kwanza nilimwahidi mtoto mmoja kuwa sitamwambia mtu. Aliyoniambia yakanilazimu kwenda polisi, na hakuzungumza nami tena. Siku hizi nasema mapema: "Ukiniambia jambo linalokuumiza, nitawaambia watu wanaoweza kulizuia, na nitakuambia ni akina nani."

Kumtafutia ndugu zake ndiko kulikochukua muda. Alijua jina la bibi yake kama "Bibi", alijua kuna kanisa la misheni na mwembe mkubwa, na kwamba gari lilipita Manyoni. Kwa taarifa hizo tulianza kupiga simu, mtendaji kwa mtendaji. Tuna kundi la maafisa ustawi la WhatsApp, na bila wenzangu wa mkoa wa Singida ningekuwa bado nautafuta ule mwembe. Siku ya 19 tulimpata bibi. Nilipomsalimia kwenye simu, "Shikamoo bibi," nikamweleza mjukuu wake yuko nami, hakuuliza yuko wapi. Aliuliza, "Marahaba mwanangu, amekula?"

Wengi hudhani hapo ndipo shauri linapoisha: mtoto kapatikana, ndugu wapo, apandishwe basi. Lakini nyumba ile ndiyo iliyomtoa. Mjomba wake alimkabidhi kwa mwanamke asiyemjua na kupokea fedha, na mjomba huyo bado alikuwa akila na kulala pale kwa bibi. Mwenzangu wa kule alifanya tathmini ya familia nzima kabla sijakata tiketi. Mama mdogo wa binti, mkulima wa alizeti kijiji cha jirani, ndiye tuliyeona anafaa, na bibi mwenyewe ndiye aliyemtaja.

Wakati huo mjomba alinifikia ofisini na karatasi. Alikuwa amekwishakutana na upande wa mwajiri, "wamemalizana", na karatasi ilikuwa na sahihi na muhuri. Nimeona karatasi za namna hiyo nyingi: kwa fedha, kwa mbuzi, kwa mabati. Ndizo zinazoua kesi za watoto kabla hazijafika kwa hakimu, kwa sababu shahidi anahamishwa kijiji, mama anabadili maelezo, mtoto anaambiwa ataifunga familia. Kumchoma mtoto kwa pasi si ugomvi wa mpaka wa shamba. Nilimwambia mjomba hivyo, karatasi yake ikaenda polisi kama kielelezo, na shauri likaendelea. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016, mtoto mdogo huweza kutoa ushahidi baada ya kuahidi mahakama kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Binti aliahidi, akasema kweli.

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011, ulikuta karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa ukatili wa kingono, ni karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7. Kama dawa ingekuwa kuchukua, tungehitaji makao kila mtaa, na bado yasingetosha. Kwenye halmashauri yetu maafisa tunahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na pikipiki ni moja. Macho ya majirani ndiyo yanayotufikisha tusikofika.

Kwa hiyo piga simu. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Au nenda kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, au Dawati la polisi. Sheria ya Mtoto inamwajibisha kila mwanajamii kutoa taarifa kwa serikali ya eneo lake. Niambie ulichokiona na ulichokisikia, siku na saa, na usihangaike kunipa hukumu. Usimhoji mtoto mara tano, na tafadhali usimpige picha ukaiweka kwenye status, hata kama nia yako ni kumsaidia. Picha hiyo atakutana nayo akiwa na miaka 20. Ikiwa ni ukatili wa kingono, asiogeshwe na nguo zake zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au bahasha, na afikishwe hospitali haraka, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Usingoje kikao cha ukoo.

Nilimtembelea binti yule miezi 8 baadaye. Alikuwa amerudi darasa la nne, mrefu kuliko wenzake wote, na sweta alikuwa ameliacha nyumbani. Mama mdogo alitutandikia mkeka chini ya mti, akaleta viazi vya kuchemsha. Nikaomba madaftari. Tarehe zilifuatana moja baada ya nyingine, isipokuwa wiki moja ya mwezi wa tatu iliyokuwa tupu kabisa. Moyo ukanipiga. Nikamuuliza wiki hiyo kulikuwa na nini.

"Mto ulijaa, anti," akasema. "Hata mwalimu hakuvuka."