Mama hahitaji kupumzika, anahitaji mzigo

Wiki hii ni mara ya nne. Kijana kamleta mama yake wa miaka 74, kaanguka bafuni mara mbili, na kabla sijamaliza shikamoo nishaambiwa: "Daktari, usimchoshe. Wazee ni kutembeatembea tu."

Kutembea sina ugomvi nako. Moyo, presha, sukari, usingizi, vyote vinafaidika. Lakini matembezi ya jioni hayamwinui mtu kwenye choo cha kuchuchumaa. Nyuzi za misuli zinazotutoka zaidi uzeeni ni zile za kasi, zinazokudaka ukijikwaa, na hizo kwa kawaida haziamki mpaka mzigo uwe mzito, mwendo uwe wa haraka, au msuli uchoke kabisa. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake waliwafanyisha mapaja mazoezi wazee wa makao ya Boston, umri miaka 86 hadi 96, kwa asilimia 80 ya uzito wa juu kabisa wanaoweza kuuinua mara moja tu. Baada ya wiki 8, nguvu za waliomaliza zilikuwa zimepanda kwa wastani wa asilimia 174. Wawili wakaacha bakora.

Kinachonichosha zaidi ni "basi tumpe uzito mwepesi." Wanamkabidhi chupa ya maji ya nusu lita! Mwanamke aliyejitwisha ndoo ya lita 20 tangu utotoni! Ndiyo, mzigo mwepesi nao hujenga msuli, ila mpaka uufanye hadi msuli ukatae. Nani anafika huko? Akiinua mara 15 huku ananisimulia harusi ya mjukuu, hapo hakuna zoezi, kuna maongezi. Nataka marudio 8 hadi 12, mawili ya mwisho yamnyamazishe, bila kubana pumzi.

Nanyi wakimbiaji wa miaka 55, pumzi mnayo, hongereni. Vyuma mara mbili kwa wiki vinawahusu pia.

Vitabu vinasema anza taratibu. Taratibu ni kilo ngapi kwa mwenye mifupa iliyolika, pingili ya mgongo imeshawahi kupasuka? Hapo mimi nakisia. Namtazama usoni, napunguza, kesho tunajaribu tena.

Huyu mama mgongo wake mzima. Kwenye kiti cha plastiki, mikono kifuani, alisimama mara nne akatweta. Akapumzika. Nikampakatisha kiroba cha unga cha kilo 2. Kijana akanyanyuka kukichukua.

"Kaa chini wewe," mama akamwambia, akasimama nacho.