Maneno Taka Yanavyozihadaa Injini za Utafutaji

Unatafuta mkopo wa haraka kwenye Google, na kati ya matokeo ya mwanzo unaletewa ukurasa uliomo ndani ya tovuti ya chuo. Ukiufungua unakuta: mkopo, mkopo leo, mkopo bila dhamana, mkopo kwa simu, mkopo dakika tano, hadi chini. Haya ndiyo maneno taka: hayakuandikwa ili mtu ayasome. Yalilengwa kwa mashine.

Injini ya utafutaji hutuma programu zinazopita kwenye kurasa za intaneti na kuyaweka maneno yake kwenye faharasa, yaani orodha inayoonesha neno lipi liko ukurasa upi. Miaka ya 1990, injini kama AltaVista zilitegemea mno maneno yenyewe, kwa hiyo aliyerudia neno mara nyingi alipanda juu. Wengine waliyaandika kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe, au wakayaficha ndani ya msimbo wa ukurasa, yaani maandishi ya kompyuta yanayouunda. Google, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, ikaongeza kipimo kingine: ni kurasa zipi, na zenye uzito gani, zinazoelekeza viungo kwako. Mwaka 2009 ikatangaza kwamba orodha ya maneno iliyofichwa kwenye msimbo haiitumii kabisa kupanga matokeo.

Hata kampuni kubwa zimenaswa. Mwaka 2006 Google iliiondoa kwa muda tovuti ya BMW ya Ujerumani, kwa sababu roboti, yaani ile programu ya Google inayopita kwenye kurasa, ilikuwa ikioneshwa kurasa zilizosheheni neno la Kijerumani la magari yaliyotumika, huku mgeni akipelekwa ukurasa mwingine.

Leo mbinu inayotutia wasiwasi zaidi ni kutumia jina jema la mwingine. Anwani za taasisi, kama zile zinazoishia na .go.tz au .ac.ke, mara nyingi zimejijengea uaminifu kwa miaka. Mdukuzi huingia kupitia nenosiri dhaifu au programu-jalizi (programu ndogo ya nyongeza kwenye tovuti) ambayo haijasasishwa, kisha hupandikiza maelfu ya kurasa za kamari, dawa au bidhaa bandia. Ipo aina inayojaza kurasa za Kijapani kwenye tovuti isiyohusiana na Japani hata kidogo. Mara nyingi mwenye tovuti akiifungua haoni kitu. Kurasa hizo huoneshwa roboti ya Google na wageni wanaotoka huko tu. Ndiyo maana uchafu huo hukaa muda mrefu bila kugundulika.

Msimamizi wa tovuti, fanya jaribio hili leo. Kwenye Google andika site: na, bila nafasi, anwani yako, kisha ongeza neno kamari au casino. Yakitokea usiyoyajua, usiishie kuzifuta kurasa, maana mlango bado uko wazi. Sasisha mfumo na programu-jalizi zake, badilisha manenosiri yote, ondoa watumiaji usiowatambua. Kagua pia akaunti yako ya Google Search Console, huduma ya Google inayomwonesha mwenye tovuti jinsi tovuti yake inavyoonekana kwenye matokeo, kwa sababu wadukuzi hupenda kujiandikisha humo kama wamiliki.

Na wewe unayetafuta mkopo: anwani ikiwa ya chuo lakini ukurasa unauza mikopo, toka. Usijaze namba ya kitambulisho wala namba ya siri. Benki Kuu ya Kenya na Benki Kuu ya Tanzania huchapisha orodha za wakopeshaji wenye leseni. Anzia huko, kwa kuandika anwani ya benki hizo mwenyewe.