Faili si bovu: kiwanja chako kiko kilomita 9,460 kutoka sifuri

Wiki hii wamenipigia wachoraji watatu, maneno yale yale: "Kaka, mpima kanitumia ramani ya kiwanja, nikiiingiza kwenye programu yangu hamna kitu. Faili bovu." Mmoja alikuwa ameshamwambia mteja wake wa Ujiji amrudishe mpima kiwanjani, yaani mama wa watu alipe mara ya pili kazi iliyokwisha kufanyika vizuri. Hilo limeniuma.

Faili bovu halifunguki, au linafunguka na malalamiko. Likifunguka kimya na skrini ikawa tupu, mara nyingi mchoro umo. Tatizo ni mahali ulipo.

Kwenye UTM (mfumo wa kutaja mahali duniani kwa mita) ya kusini, ikweta imepewa 10,000,000 na namba inapungua kadiri unavyoshuka. Kwa hiyo northing (namba ya kusini-kaskazini) ya Kigoma mjini ni kama 9,460,000. Mpima akisahau nukta moja tu pale 0,0, ukiagiza Zoom Extents (onyesha kila kilichomo) programu inahangaika kukuonyesha nukta hiyo na kiwanja kwa pamoja. Skrini ya pikseli 1,080 kwenda juu inabeba kilomita 9,460, karibu kilomita 9 kwa kila pikseli. Kiwanja cha mita 30 utakionaje? Washa leya zote, tafuta hiyo nukta, ifute.

Ukishaiona ramani, utakuta kuta zinatetemeka na miduara ina kona. AutoCAD hutunza namba kwa biti 64, lakini programu nyingi za 3D huchora skrini kwa biti 32, na huko namba ikivuka 8,388,608 hatua moja, yaani pengo dogo kabisa kati ya namba mbili, ni mita 1 nzima. Kubadili kwenda milimita hakusaidii: hatua inakuwa milimita 1,024. Dawa ni kuusogeza mchoro wote, kwenye faili la asili, kutoka koodineti ya namba isiyo na vipande (mimi hutumia 791000,9460000) hadi 0,0, kisha kuandika namba hiyo ndani ya mchoro kwa herufi kubwa. Anayeburuta kwa mausi bila kuandika amefuta kazi ya mpima, na mtu wa baada yake hataweza kuirudisha mahali pake.

Mengine haraka. Mchoro umekuja mkubwa au mdogo mara 25.4 au mara 1,000? Ni yuniti, angalia INSUNITS (mpangilio wa yuniti kwenye AutoCAD). Maandishi yamegeuka alama za kuuliza? Omba fonti za SHX (aina ya fonti za AutoCAD) alizotumia mpima. Faili limegoma kabisa? Lifungue kwa Notepad usome herufi sita za mwanzo: AC1032 ni toleo la 2018, mwombe mpima alihifadhi upya kwa toleo la zamani.

Sasa lile linalonichosha kuliko yote. UTM huigawa dunia kwa kanda, na mpaka wa kanda mbili, mstari wa nyuzi 30 mashariki, unapita kati ya mji wetu na Kasulu. Kigoma na Ujiji ziko kanda ya 35. Kasulu na Uvinza, kanda ya 36. Wengine, ili wasihangaike, huufanya mkoa mzima kwa 36. Matokeo yake kiwanja kile kile cha mjini kina easting (namba ya magharibi-mashariki) ya 791,000 kwa huyu na 126,000 kwa yule, na ukiziweka ramani mbili pamoja zinaachana zaidi ya kilomita 660. Hapo kijana anaisogeza moja kwa mkono mpaka bikoni (jiwe la mpaka) ya kwanza igusane, anafurahi. Asifurahi! Kaskazini ya kanda hizi mbili hapa kwetu inatofautiana nusu digrii. Bikoni ya kwanza itakaa, lakini ukienda mita 100 umekosea karibu sentimita 90, na huo ni ugomvi na jirani. Ibadilishe kwenye QGIS (programu ya ramani), kutoka EPSG 21036 (namba ya kanda ya 36) kwenda 21035 (ya kanda ya 35) kama vipimo vyote ni vya Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo wa Afrika Mashariki. Kama kimoja kimetoka kwenye GPS, inayotumia mfumo mwingine wa WGS84, kuna mita 300 hivi nyingine zinakungoja.

Na hata ukifanya yote hayo, kuna jambo ambalo bado linanisumbua. UTM hunyoosha umbali kadiri unavyotoka katikati ya kanda. Wenzetu wa Tabora wako karibu kabisa na nyuzi 33, katikati ya kanda ya 36, mita 100 zao zinapungua sentimita 4 tu. Sisi kwenye kanda ya 35 zinaongezeka sentimita 6 au 7, na ukilazimisha 36, sentimita 13. Fundi atavuta futi kamba ardhini, hatavuta UTM. Je, niupunguze mchoro ulingane na ardhi, au niuache ulingane na hati? Kwa nyumba naacha. Kwa ukuta mrefu wa uzio nimewahi kufanya hivi na vile, na sijawahi kulala vizuri. Siku hizi nakwenda mwenyewe na mpima, tunapima bikoni kwa bikoni kwa futi kamba, na vipimo vyote viwili naviandika kwenye mchoro.