Je, wajua kwa nini saa ya mkimbiaji humwambia kwamba mazoezi yake hayana tija?

Mtu anayekimbia Mwanza mara nne kwa wiki, akaupanda mlima wa Bugando na kurudi nyumbani huku jasho likimchuruzika, hutarajia walau pongezi. Badala yake, saa iliyo mkononi mwake humwandikia kwamba mazoezi yake hayana tija na kwamba uwezo wake umeshuka kutoka 46 hadi 42. Katika klabu yetu ya jogingi nimewaona watu wazima wakiivua saa hiyo kwa hasira na kuitia mfukoni. Kabla ya kuivua, inafaa kujua imelipataje jibu lake, kwa sababu haikupima mapafu wala misuli ya mtu yeyote.

Namba inayoshuka huitwa VO2max, yaani kiasi cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia kwa dakika moja, kikihesabiwa kwa mililita kwa kila kilo ya uzito. Dhana hiyo ilipata umbo lake katika miaka ya 1920 kupitia kazi ya Archibald Vivian Hill, mwanafiziolojia wa Uingereza, na kipimo chake halisi hadi leo hufanyika maabara, ambako mkimbiaji huvalishwa barakoa inayopima hewa anayoivuta na kuitoa, huku kasi ya mashine anayokimbilia ikiongezwa mpaka ashindwe. Saa haina barakoa. Inategemea hasa mambo mawili: kasi yako, ambayo huipata kwa msaada wa setilaiti, na mapigo ya moyo wako, ambayo huyasoma kwa taa ya kijani inayomulika ngozi ya mkono.

Kutokana na mambo hayo mawili, saa hupiga hesabu. Kukimbia kilomita 10 kwa saa kwenye tambarare humgharimu mtu takriban mililita 37 za oksijeni kwa kila kilo kwa dakika. Mapigo yako yakionyesha kwamba kasi hiyo imekufikisha kwenye asilimia 80 ya uwezo wako, 37 hugawanywa kwa 0.80 na jibu huwa 46. Kesho yake ukikimbia kwa kasi ileile, lakini moyo ukadunda zaidi hata saa ikakadiria kwamba umefika asilimia 88, jibu huwa 42. Hesabu ya saa yenyewe ni ndefu kuliko hii na huangalia mbio za siku kadhaa, lakini mantiki ni hiyohiyo. Ujumbe wa kukosa tija hutokea pale saa inapoona kwamba unaendelea kufanya mazoezi kama kawaida, au hata kuyazidisha, huku makadirio hayo yakishuka.

Maana yake ni kwamba chochote kinachoongeza mapigo bila kuongeza kasi huhesabiwa dhidi yako, kama mangi anayeandika deni la jirani kwenye ukurasa wako wa daftari. Na katika mji wetu majirani wa namna hiyo ni wengi. Mwinuko wa asilimia 5 tu, kwa kasi ileile ya kilomita 10 kwa saa, huongeza mililita 7 na nusu kwenye gharama. Saa yenye kipimo cha mgandamizo wa hewa huweza kuutambua mwinuko huo vizuri, lakini ile inayotegemea setilaiti pekee hukosea mara nyingi. Mchanga wa ufukweni nao hula nguvu bila kuonekana popote katika hesabu. Isitoshe, uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 13, kwa hiyo aliyehamia kutoka Dar es Salaam asishangae namba yake ikipungua kidogo.

Mdaiwa mkubwa zaidi ni joto. Mwili unapopata joto hupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili ipoe, na jasho linapotoka, maji ya damu hupungua; damu inayorudi kwenye moyo huwa kidogo, kila pigo husukuma kiasi kidogo zaidi, na moyo hufidia kwa kudunda mara nyingi zaidi. Ndiyo maana mtu anayetoka saa tatu asubuhi, jua likiwa limeshashika mawe ya Capri Point, huona mapigo yakipanda taratibu ilhali hajaongeza mwendo. Jua la Mwanza huchelewa kuchomoza kuliko la Dar es Salaam, kwa hiyo anayeamka mapema ana nafasi nzuri ya kulikwepa.

Wakati mwingine kosa ni la taa yenyewe. Taa hiyo hutambua jinsi damu inavyojaa na kupungua chini ya ngozi, na melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, hufyonza sehemu ya mwanga wa kijani, hivyo mkanda uliolegea huharibu kipimo upesi. Siku moja, nikikimbia kwa mwendo wa kuongea karibu na Mwaloni Kirumba, saa yangu ilidai kwamba moyo wangu unapiga mara 172 kwa dakika. Nilisimama, nikaweka vidole viwili shingoni na kuhesabu kwa sekunde 15: mapigo 34, yaani 136 kwa dakika. Ile 172 ilikuwa idadi ya hatua zangu. Saa ilikuwa ikirukaruka mkononi kwa mdundo wa miguu, ikaudhani kuwa ni mdundo wa damu. Tangu hapo naivaa juu kidogo ya kifundo cha mkono, nikiikaza kabla ya kuanza.

Pia saa nyingi hukisia kikomo cha mapigo yako kwa kutoa umri wako kwenye 220, kanuni ambayo kwa mtu mmojammoja inaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi. Kikomo chako halisi kikiwa juu ya makisio hayo, kila mbio utakazokimbia zitaonekana nzito kuliko zilivyo. Kikomo hicho huweza kurekebishwa katika mipangilio ya saa.

Anayetaka kujua kama kweli ameshuka achague kipande kimoja cha tambarare, kwa mfano kwenye barabara ya uwanja wa ndege, akikimbie kwa kasi ileile, saa ileile ya alfajiri, kila baada ya wiki mbili, kisha alinganishe mapigo. Hapo namba huanza kuwa na maana, na mimi huiamini saa yangu zaidi ninapokuwa nimelala kuliko ninapokimbia. Mwaka jana mapigo yangu ya usingizini, ambayo kwa kawaida ni 54, yalifika 66 kwa siku mbili mfululizo, na saa ikaniandikia kwamba mwili wangu umeelemewa. Niliipuuza, nikapanda Isamilo kama kawaida yangu. Siku ya tatu nilikuwa kwenye benchi la zahanati nikitetemeka, nikisubiri majibu ya kipimo cha malaria.