Ndege inaongeza joto la dunia kiasi gani? Namba sio moja

Kila tukikaa na watu kuongelea tabianchi, iwe shuleni kule Chumbageni au barazani Ngamiani, hapa Tanga, lazima atokee mtu aulize: hivi ndege zinachangia asilimia ngapi? Na anataka namba moja tu. Mi huwa nawapa mbili, na ya pili ndo yenye maneno.

Ya kwanza ni ya hewa ukaa, hii haina ubishi sana. Mafuta ya ndege ni jamii ya mafuta ya taa, yananunuliwa kwa kipimo, na kila kilo moja ikiungua inatoa kama kilo 3.16 za hewa ukaa (usishangae kilo moja kuzaa tatu, oksijeni inachotwa kwenye hewa). Kwaiyo ukijua mafuta yaliyouzwa umeshamaliza kazi. Hapo inakuja kama asilimia 2.4 ya hewa ukaa yote inayotoka kwa binadamu, na hii ndo namba utakayoisikia ikitajwa kila mahali.

Ya pili ni joto lote, na hapo sasa. Mwaka 2021 wanasayansi wakiongozwa na David Lee wa Manchester Metropolitan University walitoa hesabu ya usafiri wote wa anga hadi mwaka 2018, wakapata nishati ya ziada ya kama miliwati 101 (miliwati ni sehemu moja ya elfu ya wati) kwa kila mita ya mraba ya dunia, sawa na kama asilimia 3.5 ya msukumo wote wa joto unaosababishwa na binadamu. Ila wakasema wazi kwamba inaweza ikawa 55 na inaweza ikawa 145. Kwenye hizo 101, hewa ukaa ina 34 tu. Mchango mkubwa kuliko wote, 57, unatoka kwenye ile mistari meupe unayoiona angani, na huo peke yake unacheza kati ya 17 na 98! Yaani kitu tunachodhani ndo kikubwa ndo hichohicho tunachokijua vibaya.

Ile mistari sio moshi, na sio dawa kama watu wanavyorushiana kwenye magrupu ya WhatsApp. Ni barafu. Mvuke wa injini unakutana na baridi kali, kama nyuzi 40 chini ya sifuri au zaidi, unaganda kwenye chembe za masizi. Hewa ya huko juu ikiwa kavu mstari unapotea ndani ya dakika chache na hauna madhara ya maana. Ikiwa na unyevu wa kutosha unabaki masaa, unatandaa, mwisho huwezi kuutofautisha na mawingu ya kawaida ya juu. Mchana wingu hilo linarudisha jua kidogo na papo hapo linazuia joto la ardhini lisitoke, usiku jua halipo kwaiyo linabaki kuzuia joto tu.

Tatizo letu watu wa hali ya hewa ni unyevu wa kilomita 10 au 12 kwenda juu. Joto la huko tunalipima vizuri, upepo pia, ila unyevu unasumbua, vipimo vya kwenye maputo tunayorusha kupima hewa ya juu vinachoka kwenye baridi ile, satelaiti inaona tabaka nene kuliko lile jembamba tunalolitaka, na Afrika maputo yenyewe yanarushwa machache. Kosea unyevu kidogo tu, umeshakosea kama mstari utapotea au utakaa mpaka jioni.

Alafu kuna oksidi za nitrojeni, gesi nyingine zinazotoka kwenye injini, hizi zinatengeneza ozoni inayopasha joto huku zikipunguza metheni, gesi nyingine inayopasha joto, ambayo kupungua kwake kunapoza, kwaiyo unatoa kubwa kwenye kubwa ubaki na kadogo kasikoaminika. Na masizi yakiingia kwenye mawingu mengine? Hapo Lee na wenzake hawakuweka namba kabisa, na mi naona walifanya la maana.

Ukiona kikokotoo cha mtandaoni kinazidisha hewa ukaa ya safari yako kwa namba fulani, uliza imetoka wapi. Kwa hesabu zilezile za 2021, ukipima athari kwa miaka 100 unazidisha kwa 1.7, ukipima kwa miaka 20 unazidisha kwa 4. Ndege ileile, mafuta yaleyale! Hili sio kosa la vipimo, ni uamuzi wa unajali miaka ipi, maana hewa ukaa inakaa karne na mstari ni wa masaa tu.

Wengine wanasema basi marubani wapande au washuke kidogo wakwepe hewa yenye unyevu. Wazo zuri, majaribio yameshafanyika, ila mara nyingine kukwepa kunakula mafuta zaidi, yaani unaongeza hewa ukaa ya uhakika ili ukwepe wingu la huenda. Mi ningeanza na safari za usiku, ambako angalau tunajua wingu halipozi kitu. Ulaya wao tangu Januari 2025 wameyataka mashirika ya ndege yaanze kufuatilia na kuripoti hizi athari nyingine mbali na hewa ukaa.

Na vile vindege vidogo vinavyotoka hapa Tanga kwenda Unguja na Pemba vinaruka chini kwenye joto, mistari ya barafu havitoi, kwaiyo kwa abiria wake hesabu karibu yote iko kwenye mafuta.